Kadi Yako Inanguruma Kama Nganya ya Rongai? Shida Si Feni, Ni Wati

Unawasha gemu saa tatu usiku. Dakika mbili za kwanza mashine imetulia kama mtoto mbele ya wageni. Ya tatu, feni zinaanza kupanda. Ya tano, manze, husikii hata nyayo za msee anakuja kukumaliza kutoka nyuma, na mama wa keja ya pili ashaanza kugonga ukuta na mwiko.

Kama unajua hiyo kelele, hii stori ni yako. Na kama wewe si wa gemu, ni wa kuediti video za ruracio na harusi ndio ulipe rent, bado ni yako, juu kadi ni zile zile na joto ni lile lile.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili (hiyo ni stori ya siku ingine), na kabla nianze kuandika hapa nilikuwa nashikia beste yangu base ya gemu huko Umoja. Mashine nane, kila moja na RTX 3070 ya mtumba, kwa chumba cha chini cha ploti. Wikendi ikifika, wasee nane wamekaa, wengine sita wamesimama nyuma wakingoja zamu, dirisha moja, mlango mmoja. Kufika saa tisa mchana unatoka hapo ukiwa umelowa kama umetoka kucheza mechi ya mtaa. Juu yetu alikuwa anaishi mama na mtoto wa miezi miwili. Alishuka mara ya kwanza akaongea poa. Mara ya pili akaja na keateka. Mara ya tatu ikaja karatasi kutoka kwa landilodi: siku thelathini, ama mtulize hiyo kelele ama mhame.

Sisi tukafanya nini? Tukaenda kununua feni zingine. Tatu, zile kubwa za kusimama. Sasa chumba kikawa na kelele ya kadi na kelele ya feni, na joto halijaenda popote, linazungushwa tu. Ndio maana nimeandika hii. Hatukuwa tumeelewa kitu kimoja: feni ni mjumbe tu. Bosi ni wati.

Kila wati inayoingia kwa kadi inatoka kama joto. Si nusu, si robo, yote. Ile picha unaona kwa skrini haibebi stima yoyote ya maana kwenda nayo. Kwa hivyo kadi ya wati 300 ni hita ya wati 300 ambayo pia inachora picha. Kazi ya pesti, mapezi ya alumini, mirija ya shaba na feni ni moja tu: kuhamisha hilo joto kutoka kwa chipu ndogo ambayo inaweza kukaa kwa kiganja, hadi kwa hewa ya chumba chako. Haliishi hapo. Limehamia kwako tu.

Sasa angalia vile namba zimeenda. GTX 1080 ilikuja 2016, wati 180. RTX 2080 Ti ya 2018, wati 250. RTX 3090 ya 2020, wati 350. RTX 4090 ya 2022, wati 450. Alafu Januari 2025 Nvidia wakatoa RTX 5090: wati 575, dola 1,999. Kwa miaka tisa, kadi ya juu ya kampuni moja imeongeza mara tatu kile inachotema kwa chumba. Keja yako haijaongezeka hata futi moja.

Mwili wa binadamu aliyekaa tu unatoa joto la kama wati 100. Kwa hivyo 5090 ikiwa imekazwa ni kama umeweka watu karibu sita ndani ya bedsitta yako, wamekaa kitandani, hawaongei, wanatokwa na jasho tu. Ongeza prosesa na vitu vingine, mashine nzima inakaribia koili ya kupikia. Ile koili landilodi amekataza kwa risiti ya deposit. Sasa wewe umeiweka chini ya meza, na inawaka masaa sita mfululizo, ugali haujaiva.

Si mambo ya leo

Msidhani hii noma imeanza jana. 2003 Nvidia walitoa GeForce FX 5800 Ultra, na feni yake ilikuwa na kelele mpaka watu wakaifananisha na mashine ya kukausha nywele ya saluni. Ilifika mahali Nvidia wenyewe wakatengeneza video ya kujicheka. 2010 ikaja GTX 480, ile ambayo utani wake ulikuwa wa kukaanga mayai, juu ilikuwa inapita nyuzi 90 bila aibu. AMD nao 2013 wakatoa R9 290X, na hiyo haikuwa bahati mbaya: ilipangwa kabisa ikae nyuzi 95, na swichi ndogo pembeni ya kuchagua kati ya kelele kidogo na kelele mingi.

AMD hao hao, Desemba 2022, wakatoa RX 7900 XTX. Ndani yake kuna chemba ya mvuke, yaani sahani ya shaba yenye maji kidogo sana ndani. Maji yanachemka upande wa chipu, mvuke unabeba joto hadi upande wa mapezi, unapoa, unarudi. Safi sana. Lakini watu wakaanza kuona sehemu moto zaidi ya kadi ikigonga nyuzi 110, feni zikipiga kelele, kadi ikijipunguza kasi yenyewe. Januari 2023 AMD wakakubali: baadhi ya kadi zilitoka na maji hayatoshi kwa chemba. Fikiria hiyo. Kadi ya karibu dola elfu moja, na shida ni matone ya maji.

Na ile ya nyaya? Waya mpya ya 4090 imepimwa kubeba hadi wati 600 kwa volti 12. Gawanya: hiyo ni ampea 50. Plagi ya ukutani kwako ina fyuzi ya ampea 13. Oktoba 2022 picha zikaanza kuzunguka za plagi za kadi zimeyeyuka. Nvidia Novemba wakasema wamejua kesi kama 50 dunia nzima, na kwamba mara nyingi ni plagi haikusukumwa hadi mwisho. Plagi ikarekebishwa. Februari 2025, picha za 5090 zilizoyeyuka nazo zikaanza kuonekana. Ukiwa nayo, sukuma plagi mpaka isikie, na usiipinde karibu na mdomo. Kwa hiyo siongezi.

Kwa nini kampuni zinafanya hivi? Hapa ndio siri iko, na si siri kubwa. Kadi zinauzwa kwa mchoro wa mistari. Nani ana mstari mrefu zaidi. Na njia rahisi ya kurefusha mstari wako asilimia tano ni kuongeza volti. Lakini wati hazipandi vile kasi inapanda. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, wati zinapanda kama asilimia 21, kabla hata hujahesabu hiyo kasi yenyewe. Kwa hivyo zile fremu chache za mwisho, zile ambazo wewe kwa macho yako huwezi kuziona, ndizo zinakula stima zaidi na kupiga kelele zaidi. Kampuni inapata mstari mrefu kwa YouTube, wewe unapata hita.

Lazima pia niwe fea. Kadi za kati zimekuwa poa sana. RTX 4070 ya wati 200 inafanya kazi karibu sawa na RTX 3080 ya wati 320. RTX 4060 ni wati 115 tu, hiyo hata laptopu za gemu zingine zinaipita. Ukinunua kwa kuangalia wati, teknolojia imekusaidia. Ukinunua kwa kuangalia jina kubwa ndio upige picha uweke kwa status, hapo umejipeleka mwenyewe.

Nairobi hewa ni nyepesi, buda

Kuna kitu ya maana sana ambayo wale wasee wa YouTube wa Marekani hawatakuambia, juu haiwahusu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kuna mitaa imepita hapo. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Feni haisukumi uzito, inasukuma ujazo. Spidi ile ile, hewa inayopita ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Kwa hivyo ile kadi ilipimwa huko studio iliyo karibu na usawa wa bahari, ikaonekana imetulia na feni zinanong'ona, ikifika hapa lazima feni ziongeze spidi ndio ipate matokeo sawa. Eldoret, ambapo umepita mita 2,000, ni mbaya zaidi.

Kinachotuokoa ni baridi. Julai Nairobi unaweza kupata chumba cha nyuzi 18, na kadi inahesabu kuanzia hapo. Kadi haina joto lake kamili, ina joto la kuongeza juu ya chumba. Chumba kikipanda nyuzi kumi, kadi nayo inapanda kama kumi. Mombasa wana hewa nzito lakini chumba kiko nyuzi 32 na chumvi inakula chuma polepole. Kila mtu na shida zake.

Hii ndio ilitumaliza Umoja. Mashine nane, kila moja na kama wati 350 ikikazwa, ni wati 2,800. Ongeza wasee kumi na wanne, wati 1,400 zingine. Koili nne zinawaka ndani ya chumba chenye dirisha moja. Chumba kinapanda, kadi zinavuta hewa moto, zinaongeza feni, haisaidii, zinaongeza tena. Sisi tukadhani kadi ni mbovu. Kadi zilikuwa sawa. Zilikuwa zinapumua pumzi ya wenzake.

Sasa kelele. Sheria ya feni iko hivi: ukizidisha spidi mara mbili, hewa inaongezeka mara mbili, lakini kelele inapanda kama desibeli 15. Na sikio la binadamu linasikia kila desibeli 10 kama kelele mara mbili. Kwa hivyo umenunua hewa mara mbili kwa bei ya kelele karibu mara tatu. Ndio maana feni kubwa inayozunguka polepole inashinda feni ndogo inayolia kama mbu. Ndio maana pia kadi za siku hizi zimekuwa nene kama tofali. ASUS na Noctua wa Austria walitoa RTX 3070 na feni za kahawia 2021, ikakula nafasi ya kadi nne. Watu wakaicheka vile inakaa. Lakini ilikuwa imenyamaza.

Na kelele zinajumlishana kivyake. Mashine nane za desibeli 45 hazifanyi 360, ingekuwa tumekufa. Zinafanya kama 54. Inasikika kidogo kwa karatasi. Lakini kanuni za NEMA za kelele za 2009 zinataka sehemu za makazi usiku zisipite desibeli 35, na usiku wao unaanza saa mbili. Yaani yule mama wa juu hakuwa mnoko. Angetaka kutupeleka mbali, angekuwa na karatasi ya kusimama nayo.

Kadi za mtumba, na vile nilichezwa

Hapa nataka tukae kidogo, juu najua wengi wenu ndio mnafikiria kununua. Mwisho wa 2025 bei ya RAM ilianza kupanda vibaya dunia nzima, juu viwanda vya memori vinaelekeza mali kwa mashine za AI. Desemba 2025 Micron wakatangaza wanafunga Crucial, jina lao la kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Memori ikipanda, kadi mpya nazo zinapanda, na msee wa kawaida anageukia mtumba.

Mtumba si mbaya. Mimi natumia mtumba mpaka leo. Lakini kumbuka historia ya hizi kadi. Mpaka Septemba 15, 2022, kadi za grafiki zilikuwa zinachimba Ethereum mchana na usiku. Siku hiyo Ethereum ikabadilisha mfumo, uchimbaji wa kadi ukaisha, na milima ya kadi ikamwagwa sokoni. Nyingi za mfululizo wa 30. Nyingi zimekaa miaka kwa ghala la joto zikichapa kazi bila kulala.

Yangu ilikuwa 3080. Nilinunua kwa duka moja la town, sitalitaja. Jamaa akaniapia ni ya disaina wa majengo, haijawahi kuona kripto. Tukaijaribu hapo kaunta dakika tano, picha safi, nikatoa ganji yote niliyokuwa nimeweka miezi saba. Nikafika keja, nikafungua mradi wa video, dakika kumi feni ziko asilimia mia, mashine inatetemeka kwa meza. Joto la chipu, nyuzi 74. Poa kabisa. Sasa kelele ni ya nini?

Ilibidi nishushe programu ya bure inaitwa HWiNFO ndio nione. Chipu ilikuwa 74, lakini memori ilikuwa nyuzi 108. Hizo memori za GDDR6X kwa 3080 na 3090 zinawaka vibaya, na zikifika 110 kadi inajipunguza kasi ndio isijiue. 3090 hata ina memori zingine mgongoni, upande hauna feni. Nikafungua kadi. Pedi za joto, zile raba laini kati ya memori na chuma, zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika kama biskuti, na mafuta yametoka yakashika vumbi ikawa kama lami. Disaina wa majengo, ati.

Nilibadilisha pedi na pesti kwa pesa ya pizza moja na jioni moja ya kuogopa. Memori ikashuka hadi 84. Feni zikatoka asilimia mia zikaenda kama hamsini na tano. Kadi ile ile. Kosa langu lilikuwa dakika tano za kaunta. Ukienda kununua, beba HWiNFO kwa flashi, uliza ikazwe dakika ishirini, angalia namba tatu: chipu, sehemu moto zaidi, na memori. Chipu na ile sehemu moto zikiachana zaidi ya nyuzi 20 hivi, pesti imeisha au chuma hakijakaa vizuri. Muuzaji akikataa dakika ishirini, huyo amekujibu. Na ukifungua kadi mwenyewe, pima unene wa pedi za zamani kwanza. Ukiweka nene kuliko zilizotoka, chuma hakigusi chipu tena na utaenda nyuma.

Turudi Umoja. Siku thelathini zilikuwa zimebaki kumi na tisa.

Kitu ya kwanza ilisaidia ni ya aibu, juu ilikuwa bure na ilikuwa mbele yetu miezi yote. Monita zetu ni za hezi 75. Zinaweza kuonyesha picha 75 kwa sekunde, basi. Kwa Valorant mashine zilikuwa zinachora zaidi ya fremu 200 kwa sekunde. Yaani zaidi ya nusu ya kazi ya kadi ilikuwa inatupwa, na sisi tunalipia tokeni. Tukaweka kikomo cha fremu kwa setingi za Nvidia. Kwa gemu nyepesi feni zikashuka hapo hapo, ungedhani mtu amezima. Kuna wachezaji wakali watasema fremu nyingi zinasaidia mkono kuwa na kasi hata kwa monita ya polepole, na wana ukweli kiasi. Hao waende mashine namba moja, tuliiacha bila kikomo.

Ya pili ni kushukisha volti. Programu ni MSI Afterburner, ya bure, inafanya na kadi za kampuni zingine pia. Kama unaogopa, sukuma tu kile kikomo cha wati kishuke hadi asilimia 75, umemaliza, hakuna kitu unaweza kuharibu hapo. Kama una subira, unachora ule mstari wa volti mwenyewe: yangu ya 3080 nimeiweka megahezi 1,800 kwa volti 0.85. Zile 3070 za base zilitoka wati 220 zikatulia karibu na 160. Kwa gemu nzito tulipoteza fremu tano, sita. Hakuna mteja hata mmoja aliuliza. Pima kadi yako yenyewe, juu hazizaliwi sawa. Gemu ikianza kuanguka, ongeza volti kidogo.

Wati 60 mara nane ni 480. Masaa kumi kwa siku ni karibu uniti tano. Weka shilingi 28 kwa uniti, ni kama shilingi 134 kila siku, zaidi ya elfu nne kwa mwezi. Hiyo ni bila kuhesabu kile kikomo cha fremu. Beste yangu alipoona hiyo hesabu alinyamaza kwanza, alafu akaanza kutukana miezi iliyopita.

Ya tatu, zile feni tatu za kusimama tukauza mbili. Iliyobaki tukaiweka dirishani ikiangalia nje, itoe hewa moto, na tukakata tundu la wavu chini ya mlango hewa baridi iingie. Joto linapanda, kwa hivyo lipee njia ya juu. Makasha yote tukayainua kutoka sakafuni kwa mbao, tukayageuza migongo isipulize uso wa mashine ya pili. Vumbi tukapuliza nje, si ndani kama tulivyokuwa tunafanya. Na ukipuliza, shika feni na kidole. Ukiiacha izunguke kwa upepo wa blowa unaweza kuiharibu.

Kuna msee ataniuliza: kwa nini msiweke za maji? Maji ni poa, lakini kumbuka ile hesabu. Maji yanahamisha joto kutoka kwa kadi hadi kwa rediata, rediata inalitoa kwa chumba. Wati 220 za maji na wati 220 za feni zinachoma chumba sawa. Unapata kelele kidogo, hupati baridi.

Huko juu kwa wakubwa, maji ndio imebaki njia. Mashine ya Nvidia inayoitwa GB200 NVL72 imefunga chipu 72 kwa kabati moja na inakula kama kilowati 120. Koili mia moja na ishirini kwa kabati moja ya kusimama. Feni haziwezi hapo, lazima mabomba. Na majirani wanaolia hawako Umoja pekee. Huko Granbury, Texas, wakazi walienda kortini Oktoba 2024 juu ya kelele ya kituo cha kuchimba Bitcoin. Hizo si kadi za grafiki, ni mashine zake maalum, lakini zinapozwa na feni na kelele ni ile ile, usiku na mchana.

Sisi pia tumeahidiwa yetu. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni moja, na ndani yake kituo cha data cha kuendeshwa na stima ya mvuke wa Olkaria. Fikiria hiyo safari: joto linatolewa chini ya ardhi Naivasha, linageuzwa stima, stima inaingia kwa chipu, inatoka joto tena. Wakati wanasiasa wanapiga picha na koleo, mimi swali langu lingekuwa dogo. Hilo joto la mwisho linaenda wapi, kwa maji ya nani, na nani anaishi upande feni zimeangalia?

Base bado iko. Landilodi alikuja siku ya ishirini na nane, akasimama mlangoni na simu yake yenye programu ya kupima desibeli, akaangalia, akaenda bila kusema kitu. Yule mama wa juu alimtuma mtoto wake mkubwa kuuliza kama tumefunga biashara.

Mashine namba sita tu ndio imetushinda. Feni zake zimetulia, joto poa, lakini kuna vijikoili vidogo kwa saketi ya kadi ambavyo vinalia zii zii kila gemu ikifungua menyu. Hiyo haina pesti wala pedi. Ukiweka kikomo cha fremu inapungua, haiishi. Tunaipatia wale wa hedifoni kubwa, kumi bob chini.